Moshi una alama zake: Funzo kutoka theluji ya kaskazini

Watu wengi hudhani kwamba moshi ukishapanda juu na kupotea machoni, habari yake imekwisha. Sivyo. Wanasayansi wamepata masizi katika theluji ya Aktiki, eneo la kaskazini kabisa mwa dunia ambako hakuna msongamano wa magari wala viwanda vingi.

Masizi ni nini? Ni chembe nyeusi za kaboni zinazotoka wakati kuni, nyasi, dizeli au makaa ya mawe yanapoungua nusunusu. Kwa kuwa ni nyepesi sana, upepo huweza kuzibeba maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa, mpaka ziangushwe na mvua au theluji. Theluji ikiingia weusi hushika joto la jua na kuyeyuka upesi.

Je, mwenye moto hujulikanaje? Kila moshi husafiri na alama zake. Kuni na nyasi zikiungua hutoa sukari fulani iitwayo levoglukosani. Misitu ya misonobari hutoa asidi ya vanili. Makaa ya mawe hutoa salfa nyingi. Tena kuna kaboni-14: mimea ya juzi inayo, lakini makaa ya mawe na petroli, vilivyokaa ardhini mamilioni ya miaka, havina hata chembe.

Kati ya mwaka wa 2005 na 2009, watafiti walikusanya theluji kutoka Kanada, Greenland, Urusi na kwingineko, wakaiyeyusha na kuichuja. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2009 ilionyesha kwamba katika sampuli za Siberia, Kanada na Greenland, zaidi ya asilimia 90 ya masizi yalitokana na kuungua kwa misitu, nyasi na mabaki ya mashambani. Karibu na Ncha ya Kaskazini, hata hivyo, uchafu wa viwanda na miji ndio uliozidi.

Barafu ya zamani nayo ina ushahidi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 kuhusu barafu ya Greenland ulionyesha kwamba masizi ya viwanda yalianza kuongezeka karibu mwaka wa 1850, yakafikia kilele kati ya 1906 na 1910, enzi za makaa ya mawe.

Sasa, hayo yanamhusu nini msomaji wa Nairobi au Mombasa? Yanamhusu sana, kwa sababu chembe zinazotua kwenye theluji ni za aina ile ile inayotua mapafuni. Nyingi ni ndogo kuliko mikromita 2.5, ilhali unywele una unene wa mara 30 hivi ya hizo. Pua haiwezi kuzizuia. Huleta nimonia kwa watoto, huchochea pumu, na huchangia maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Mgonjwa wa kikohozi mara nyingi hulaumu matatu na malori. Huenda ana haki, lakini theluji inatufunza tusihukumu kabla ya kuchunguza. Jiulize: Unapikia nini? Dirisha hufunguliwa? Koroboi huwaka usiku? Jirani huchoma takataka?

Ukiweza, tumia gesi au stima. Usipoweza, pikia mahali penye hewa, tumia kuni kavu, na usimbebe mtoto mgongoni ukiwa motoni. Jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba kamwe, kwani hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda hospitali. Mtoto akipumua kwa kasi huku kifua kikibonyea ndani, mpeleke mara moja, usingoje kesho.