BMW X1 itafaa Gehandu?

Swali: Ndugu mtaalamu, naishi Gehandu, nina watoto watatu. Nataka BMW X1 ya mwaka 2012 kutoka Japani. Itanifaa?

Jibu: Kwa lami ya Babati hadi Katesh, raha tupu. Shida ni ukiiacha lami. X1 nyingi hazina tairi la akiba. Zinategemea tairi zinazotembea hata zikiisha upepo. Jiwe likichana ubavu, umekwama. Nunua spea na jeki mapema. Tafuta xDrive, inayosukuma magurudumu yote manne: sDrive husukuma magurudumu ya nyuma tu, na masika utaitwa kusukuma wewe! TRA nayo hutoza gari kuukuu ushuru wa ziada, hivyo piga hesabu kwanza. Mimi ningechukua Subaru Forester. Mafundi wengi wanaijua.