Soma Nyuma Kwanza

Amplifaya ni mashine ya kukuza sauti. Inapokea sauti ndogo ya redio au simu, inaipa nguvu, halafu inaipeleka kwenye spika.

Jirani yangu hapa Holili alinunua amplifaya ya mtumba kwa fedha za mahindi ya msimu mzima. Akaichomeka ukutani. Mara, moshi! Mkewe akaja mbio na ndoo ya maji. Tukamzuia. Moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Tukazima swichi, tukachomoa waya, tukaigeuza ile mashine.

Nyuma palikuwa na maandishi madogo: "100 V". Maana yake volti 100. Huo ni umeme wa Japani. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni volti 230, zaidi ya mara mbili ya ule wa Japani! Mashine ile ilitaka transfoma ya kushusha umeme. Na jirani kusoma anajua, nilimfundisha mwenyewe.

Ukikuta "230 V" au "220–240 V", hiyo inafaa kwetu.

Angalia pia panapoungwa nyaya za spika. Alama Ω husomwa omu. Pakiandikwa "8 Ω", usiunge spika ya omu 4. Omu zikipungua, umeme mwingi hupita na mashine huchemka, hata kuungua.

Matundu ya juu ni ya kutolea joto. Kile kitambaa cha kufuma, jamani, kiwekeni mezani.

Zoezi: Geuza redio yako. Imeandikwa volti ngapi? Andika kwenye daftari.