Elimu kwa Mwananchi: Kuchagua Swichi ya Mtandao kwa Gharama Nafuu



Shule, maktaba au kikundi cha vijana kinaweza kuhifadhi vitabu na masomo katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na wasomaji wakavipata bila kununua kifurushi cha intaneti. Kompyuta hizo zikiwa kadhaa, huhitaji swichi, yaani kisanduku kinachoziunganisha kwa waya. Fedha ya kikundi ni amana ya wanachama, na swichi ghali si lazima iwe ndiyo inayofaa. Kabla ya kwenda dukani, tufanye hesabu tatu.

Kwanza, idadi ya milango. Tuseme mna kompyuta ndogo 4, ruta 1 na kompyuta ya mwalimu 1. Jumla ni milango 6. Swichi ya milango 5 haitatosha. Ya milango 8 itatosha na kubakiza miwili ya akiba. Ya milango 24 ni mzigo usio wa lazima.

Pili, kasi. Swichi ya megabiti 100 hupitisha megabaiti zisizozidi 12.5 kwa sekunde. Ya gigabiti 1 hupitisha hadi 125. Kwa hesabu ya waya pekee, faili la megabaiti 6,000 litachukua dakika 8 katika ile ya kwanza, na sekunde 48 katika ya pili. Hata hivyo, Raspberry Pi 3 Model B hukomea megabiti 100, ilhali Raspberry Pi 4 hufikia gigabiti 1. Angalieni kwanza mnayo ipi. Ikumbukwe pia kwamba swichi haiongezi kasi ya intaneti mnayolipia.

Tatu, umeme. Zipo swichi zinazopeleka umeme kupitia waya wa mtandao. Hufaa pale kifaa kinapokuwa mbali na soketi, lakini bei yake ni kubwa zaidi, na Raspberry Pi huhitaji kipachiko maalumu ili kuupokea. Aidha, someni jumla ya wati. Kwa kiwango cha 802.3af, mlango mmoja hutoa hadi wati 15.4. Swichi ya milango 8 yenye jumla ya wati 60 italisha milango 3 tu kwa kiwango hicho kamili. Kompyuta zikiwa juu ya meza moja, chaja zake za kawaida zinatosha.

Kwa mfano wetu, ikiwa kompyuta ni Raspberry Pi 4, chaguo la busara ni swichi ya kawaida ya milango 8, ya gigabiti 1, isiyohitaji kupangiliwa mipangilio na isiyo na feni. Waya wowote kati ya swichi na kifaa usizidi mita 100.

Andikeni majibu ya hesabu hizi tatu katika karatasi, kisha mwonyesheni Ofisa TEHAMA wa Halmashauri kabla ya kulipa. Ushauri hutangulia risiti.