Tokeni za Bure: Zinaleta Wafuasi au Wauzaji?

Swali: Mradi wetu wa sarafu za kidijitali unataka kugawa tokeni bure ili kupata wafuasi waaminifu. Je, watabaki au watauza tu?

Jibu: Wengi watauza, na msiwalaumu: kilichopatikana bila jasho huachwa bila uchungu. Septemba 2020, Uniswap, jukwaa la kubadilishana sarafu za kidijitali, iligawa tokeni zake 400 za UNI kwa kila anwani ya pochi ya kidijitali iliyowahi kutumia huduma yake kabla ya mwezi huo. Wengi waliuza, ingawa UNI iliwapa haki ya kupiga kura kuhusu uendeshaji wa jukwaa hilo. Hata hivyo, watu waliendelea kuitumia Uniswap kwa kuwa iliwarahisishia kubadilishana sarafu. Basi tangulizeni huduma yenye manufaa. Kisha gaweni kwa awamu, mkiwapa zaidi watumiaji wa muda mrefu, na wazuieni wanaofungua anwani nyingi kuvizia mgao.