Kabla Hujafunga Hita Mpya ya Bafuni

Hita ya bafuni ikiungua, kawaida ni kushuka mjini, kununua nyingine na kumwita fundi aifunge kwenye waya zilezile. Kwa nyumba za Mwanza zilizopanda vilimani, Bugarika, Igogo au Isamilo, anza na ethi kwanza. Fimbo ya ethi inatakiwa izame kwenye udongo wenye unyevu, na huko juu ukichimba kidogo tu unagonga mwamba. Fundi mwenye haraka huikata fimbo akafukia kipande kifupi. Mwingine, na huyu ndiye wa kuogopwa, huunganisha waya wa ethi na nyutro palepale kwenye hita. Kila kitu kitaonekana sawa hadi siku nyutro itakapokatika. Hapo umeme unapanda kwenye maji, na aliye chini ya shawa ndiye anayeupokea.

Tafuta sehemu yenye udongo, hata ikiwa mbali kidogo na ukuta, pigilia fimbo zaidi ya moja, kisha ethi ipimwe kwa mita yake. Bomba la maji lisigeuzwe ethi. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki.

Chunguza pia maungio ya hita ya zamani. Plastiki ikiwa imeyeyuka na waya umekuwa mweusi, tatizo lilikuwa kwenye waya, na hita mpya itafuata njia ileile. Hita ya kilowati 5.5 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampia 24 hivi. Waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 haufai. Ipe laini yake yenyewe: waya wa 6, breka ya ampia 32, na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30.

Maji nayo yana neno. Ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hutoka ziwani na hayana chumvi nyingi, kwa hiyo hita za bei nafuu zenye koili iliyo wazi huyamudu. Anayetumia kisima chenye maji ya chumvi anunue yenye koili iliyofunikwa, kwa kuwa maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Na kama simtanki lako liko juu kidogo tu ya shawa, presha inaweza isitoshe kuiwasha hita. Inua tanki au weka pampu.

Kufunga kwenyewe si kugumu. Zima breka kuu, hakikisha kwa testa, zungushia utepe kwenye uzi wa bomba na ukaze kwa mkono, maana uzi wa plastiki hupasuka kwa spana. Fungulia maji yatiririke kwanza, ndipo uwashe umeme. Koili ikiwaka bila maji, imekwisha.

Piga na hesabu ya LUKU. Dakika 10 za kuoga hula karibu uniti moja. Watu wanne kila siku wanapita uniti 100 kwa mwezi, wakati daraja la matumizi madogo la TANESCO linaishia uniti 75.

Fundi akifika, aonyeshe leseni ya EWURA kabla hajagusa boksi la breka. Ukiitilia shaka, ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza.