SOMO KWA UMMA: RAMANI YA WANANCHI NA WAJIBU WA KUITUNZA

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huu umezoeleka madukani, lakini unaihusu Serikali na raia wake vilevile. Njia, visima, skuli, mitaro ya maji ya mvua na vituo vya afya ni mali ya jamii, na daftari la mali hiyo ni ramani. Katika somo hili tunakusudia kuwaelezea watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla ni kitu gani ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, inafanywa vipi, ina faida gani, na kwa nini ramani nyingi za namna hiyo huzaliwa kwa shangwe kisha zikafa kwa kukosa mlezi.

1. MAANA YAKE

Hapo zamani kazi ya kuchora ramani ilikuwa ya wapima ardhi peke yao. Ramani ikishachapishwa iliuzwa au ilifungiwa kabatini, na marekebisho yake yalisubiri fedha za upimaji mwengine, pengine baada ya miaka mingi. Mwaka 2004, huko Uingereza, Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichangia kwa njia ya intaneti. Sababu ilikuwa kwamba data za ramani za idara ya upimaji ya nchi hiyo zilitolewa kwa malipo na kwa masharti mazito. Mwaka 2006 iliundwa taasisi isiyo ya kibiashara, OpenStreetMap Foundation, kwa ajili ya kuihudumia kazi hiyo.

Tangu Septemba 2012 data hizo hutolewa chini ya leseni iitwayo ODbL. Kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzinakili na hata kuzifanyia biashara. Sharti la kwanza ni kutaja zilikotoka. Sharti la pili ni kwamba anayeziboresha kisha akazitoa hadharani azitoe kwa masharti yale yale. Hii ndiyo maana ya neno "huria" katika mlango huu: haikukusudiwa mali isiyo na mwenyewe, bali mali ambayo hakuna mmoja awezaye kuifungia wengine.

2. INAVYOFANYWA

Kazi hii ina hatua mbili. Ya kwanza hufanywa mezani. Mchoraji huitazama picha iliyopigwa kutoka angani, akafuatiliza kwa kompyuta mapaa ya nyumba, njia na mikondo ya maji. Kisima huwekwa kama nukta, barabara kama mstari, na uwanja au jengo kama eneo lililozungukwa. Kila kimoja huandikiwa maelezo yake: jina, aina na hali yake.

Hatua ya pili hufanywa kwa miguu, nayo ndiyo roho ya kazi. Picha ya angani huonesha paa, lakini haisemi kama chini yake pana skuli, ghala au msikiti. Haionyeshi kwamba mtaro umeziba, wala kwamba kichochoro kinachoonekana kipana hakipitiki kwa gari. Hayo huyajua mkaazi. Kwa hiyo vijana hupita mtaa kwa mtaa wakiwa na simu au karatasi, wakiuliza na kuandika.

Jambo moja linafaa kufahamika na watumishi wenye kuogopa kwamba kila mtu ataandika apendavyo. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe yake na jina la akaunti iliyolifanya. Kosa huonekana, na lililoharibiwa hurejeshwa kama lilivyokuwa.

3. MIFANO YA KARIBU NA YA MBALI

Hadi mwaka 2009 mitaa ya Kibera, mjini Nairobi, ilikuwa kama doa tupu katika ramani, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu waliishi humo. Mwaka huo vijana wa hapo hapo walifundishwa kutumia vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakaichora mitaa yao wenyewe: vyoo, maduka ya dawa, skuli na njia. Kazi hiyo ndiyo iitwayo Map Kibera.

Tarehe 12 Januari 2010 mtetemeko mkubwa wa ardhi uliupiga mji wa Port-au-Prince, nchini Haiti. Waokoaji walifika wakiwa hawana ramani ya kutegemea. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, wengi wao hawajapata kuikanyaga Haiti, wakauchora mji huo kutokana na picha za angani, na katika muda wa siku chache waokoaji wakawa wanaitumia kazi yao.

Kwetu Tanzania, mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria mjini Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakaazi walizichora kata zinazofurika wakati wa masika. Walipima mitaro na kuuliza wazee maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita. Mpangaji wa mji anayeijua njia ya maji hujua pia nyumba zipi zitaanza kuingia maji.

Hapa Visiwani, mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia katika kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Vijana wetu wenyewe walifundishwa kuzirusha. Picha zilikuwa na ubora wa juu mno, na zilitolewa ili zitumike na umma.

4. KWA NINI RAMANI HUFA

Ndugu msomaji, ramani haiozi kama embe, lakini huchakaa kila siku bila ya kuonekana. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 45 katika miaka 10. Watu hao wamejenga nyumba, wamefungua njia, wamechimba visima, na pahala pengine wamejenga juu ya mkondo wa maji. Picha ya mwaka 2016, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kuonesha nyumba iliyojengwa mwaka 2020.

Ramani iliyochakaa yaweza kudhuru kuliko kutokuwa na ramani. Asiye na ramani huuliza njia. Mwenye ramani ya uongo huenda kwa yakini mpaka akakuta ukuta. Fikirieni gari la zimamoto lililoelekezwa njia ambayo imeshajengwa duka, au mgonjwa wa kipindupindu anayepelekwa kwenye kituo kilichohamishwa. Dakika zinazopotea hapo hazirudi.

Sababu za ramani kuachwa ni tatu. Ya kwanza ni mradi kumalizika. Fedha zikisimama, vijana hutawanyika kutafuta riziki, na vifaa hubaki stoo betri zikifa. Mfano wa karibuni ni mtandao wa vyama vya wanafunzi wachora ramani uitwao YouthMappers, ulioanzishwa mwaka 2014 na vyuo vikuu vya Marekani kwa msaada wa USAID, shirika la misaada la nchi hiyo. Mwaka 2025 shirika hilo lilifungwa. Funzo ni kwamba msaada wa mwengine una siku yake ya mwisho, nayo haijulikani kwa anayesaidiwa.

Sababu ya pili ni ofisi kutoitumia. Ramani isiyofunguliwa na mtu haina anayegundua makosa yake. Ya tatu ni wakaazi kuombwa taarifa kisha wasioneshwe matunda yake. Aliyeulizwa mara mbili bila ya kurudishiwa jawabu, mara ya tatu hufunga mlango, na haki anayo.

5. FUNZO LA WAKFU

Jamii yetu si ngeni katika suala la mali ya wote. Mababu zetu waliweka wakfu misikiti, nyumba, mashamba na visima. Katika wakfu, asili ya mali huzuiwa isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake huachwa yatiririke kwa waliokusudiwa. Mwenye kuweka wakfu huweka masharti, na masharti yake huheshimiwa. Huteuliwa mutawalli wa kuisimamia. Tena wanazuoni wameeleza kwamba pato la wakfu huanza kutengeneza wakfu wenyewe, ndipo walengwa wakagawiwa, kwa sababu nyumba ikianguka hakuna atakayefaidika.

Tuipime ramani huria kwa kipimo hicho. Asili yake imezuiwa na leseni ili asiimiliki mmoja. Manufaa yake yako wazi kwa daktari, mwalimu, mvuvi na mfanyabiashara. Masharti yanayo. Lililokosekana mara nyingi ni mutawalli, pamoja na fungu la matengenezo. Tumetoa kisima kwa jamii, lakini hatukumteua wa kukifukua matope. Kisima cha namna hiyo huitwa cha watu wote siku ya kuteka, na kuwa si cha mtu siku ya kusafisha.

6. WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa watumishi wa Serikali: itumieni ramani katika kazi za kila siku, na mnapoona kosa lirekebisheni au mlipeleke kwa anayeweza kulirekebisha. Kila ofisi inayofungua, kuhamisha au kufunga huduma ihesabu kwamba kazi haijakamilika mpaka badiliko hilo limeingia katika ramani. Fungu la utunzaji, japo dogo, liwemo katika bajeti ya kawaida badala ya kusubiri mfadhili. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa masheha: sheha anaijua shehia yake kuliko picha yoyote. Inafaa kila shehia iwe na kijana mmoja au wawili wanaoijua kazi hii, na mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, waipitie mitaro, njia na visima kuangalia lililobadilika. Nakala ya ramani ibandikwe pahala pa wazi ili wakaazi waione na waisahihishe.

Kwa skuli na vyuo: uchoraji wa mtaa ni somo la jografia, hesabu na uraia kwa pamoja. Wanafunzi wanaokuja kila mwaka ni chemchemi isiyokauka, kinyume cha mradi wenye tarehe ya kumalizika.

Kwa wananchi: semeni kweli mnapoulizwa, na dai lenu la kuoneshwa matokeo ni dai la haki.

7. TAHADHARI

Kwanza, ramani hii si hati ya ardhi. Mstari uliochorwa kuzunguka kiwanja haumpi mtu haki wala haumnyang'anyi. Haki ya matumizi ya ardhi Zanzibar inasimamiwa na sheria, ikiwemo Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, na migogoro yake ina vyombo vyake. Asije mtu akamtishia jirani kwa karatasi ya ramani ya kujitolea.

Pili, yasiandikwe majina ya wanaoishi ndani ya nyumba, nambari zao za simu wala maradhi yao. Tunachora mtaa, sitara ya mtu ibaki kwake.

Tatu, ni haramu kunakili kutoka ramani za makampuni zenye haki zilizohifadhiwa. Kitu cha wizi hakiwekwi wakfu.

8. MASUALI YA KUJIPIMA

(a) Nini tofauti baina ya mali huria na mali isiyo na mwenyewe?
(b) Kwa nini picha ya angani haitoshi bila ya ushahidi wa mkaazi?
(c) Katika ofisi yako au shehia yako, ni kitu gani kilichobadilika mwaka huu ambacho bado hakimo katika ramani? Nani atakiingiza, na lini?

Suali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na jawabu lake litafutwe kabla ya mvua za masika hazijaanza kunyesha.