Mtu mzima kuvaa nepi si aibu

Mkojo ukikutoka bila kutaka, hujarudi utotoni; kuna hitilafu mwilini. Huenda ni misuli iliyolegea baada ya kujifungua, tezi kibofu iliyovimba, kisukari, kiharusi au jeraha la uti wa mgongo. Mama anayetokwa na mkojo mfululizo baada ya uzazi mgumu huenda ana nasuri, na wengi hupona kwa upasuaji.

Nepi itakuwezesha kwenda kazini na ibadani, lakini haitibu chanzo. Ibadilishe mara inapolowa ili ngozi isichubuke. Usiache kunywa maji, kwani mkojo mzito huwasha kibofu. Muone daktari mapema.

Nanyi jamaa, msimcheke mgonjwa. Anayechekwa hujificha, na maradhi yaliyofichwa hayatibiwi.